Itatua mara ngapi? Na Mama kutoka Mwanza hadi London

Jumatatu, Kirumba

"Itatua mara ngapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza Mama alilomuuliza kijana wa tiketi, kabla ya bei, kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti. Tulikuwa tumetoka dukani kwangu Kirumba, ninakouza nyavu na kamba, tukapanda daladala hadi Barabara ya Kenyatta. Mdogo wangu anayeishi London alikuwa amejifungua wiki mbili nyuma, mtoto wa kike. Mama ana miaka 68, ana presha na magoti yanamsumbua, na hajawahi kupanda ndege. Viza zilishatoka. Kilichobaki ni njia.

Kijana akatusomea kutoka kwenye kompyuta. Njia ya kwanza ni Mwanza hadi Dar es Salaam, Dar hadi uwanja mkubwa mmoja wa Ghuba, kule Uarabuni, kisha London. Ya pili inafanana na hiyo, ila kituo cha katikati ni Addis Ababa. Ya tatu ni kufika Nairobi kwa namna yoyote, halafu kupanda ndege ya usiku inayokwenda London bila kutua popote, karibu saa tisa hewani. Kutoka Dar, alisema, ya namna hiyo haipo.

Mama akahesabu kwa vidole. Njia ya Dar, kutua mara tatu. Njia ya Nairobi, tukienda kwa basi, mara moja. Akakunja vidole viwili, akabakiza kimoja, akanionyesha.

Niseme kwa nini anahesabu kutua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria asubuhi ikiwa imekaribia Mwanza, na binamu yake alikuwamo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilitumbukia ziwani ikijiandaa kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafa 19. Siku hiyo Mama alikuwa Ukerewe, redio sikioni mpaka usiku. Kwake chombo huua kinapokaribia kufika, wakati watu wameshaanza kutafuta mizigo yao. Na siwezi kusema amekosea kabisa. Ajali nyingi za ndege hutokea wakati wa kupaa au wa kushuka na kutua, si kule juu katikati ya safari. Ajali zenyewe ni chache mno ukilinganisha na safari zinazofanyika kila siku, nikamwambia hivyo, naye akasikiliza kwa heshima na kile kidole kikabaki pale pale.

Kijana alitufundisha jambo moja nililokuwa silijui. "Ndege ya moja kwa moja" na "ndege isiyotua" si kitu kimoja. Ndege inaweza kubeba namba moja tangu mwanzo hadi mwisho, wakaiita ya moja kwa moja, na bado ikashuka njiani kuteremsha watu. Zipo zinazotoka Ulaya kuja Dar ambazo hutua Kilimanjaro kwanza. Wa Dar anabaki kwenye siti yake, wa Kilimanjaro anashuka. Kwa hiyo ukiuliza, usiulize kama ni ya moja kwa moja. Uliza kama Mama alivyouliza.

Bei ya Nairobi ilizidi kwa laki nne na ushee kwa kila mtu, nauli ya basi bado. Nikakubali kwa safari ya kwenda, kwa sababu mwenye safari ni yeye. Ya kurudi nikachagua mimi: London, Ghuba, Dar. Kwa kawaida tiketi mbili za njia moja moja huwa ghali kuliko ya kwenda na kurudi, lakini kwa tarehe zetu tofauti haikuwa ya kutisha. Kipande cha mwisho, Dar hadi Mwanza, kijana alitaka kukiunganisha kwenye bukingi ile ile. Nikaona kwenye simu kikiwa peke yake bei inapungua elfu themanini, nikakinunua peke yake.

Jumanne, maandalizi

Asubuhi kwa daktari. Alimpima Mama presha, akamruhusu, kisha akazungumza zaidi juu ya miguu kuliko juu ya moyo. Mtu akikaa bila kujongea kwa saa nyingi, magoti yamekunjwa, damu huenda polepole kwenye mishipa ya vigimbi vya miguu na inaweza kuganda. Donge likikatika likapanda hadi mapafuni, linaua. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, lakini bado ni kama mtu mmoja kati ya 6,000. Nilichokishika ni kwamba si ndege peke yake. Basi, gari moshi, gari dogo, vyote vimo, maana kinachofanya kazi hiyo ni kukaa. Tukaangaliana na Mama. Basi la Nairobi ni saa kumi na nne au kumi na tano.

Akamwandikia soksi za kubana zinazoishia chini ya goti, akampima vigimbi kwa utepe ili zisiwe kubwa wala ndogo. Akakataza kumeza aspirini kwa kujiamulia. Dawa za presha, akasema, zikae kwenye mkoba wa mkononi, zitoshe siku tatu zaidi ya safari.

Mchana ulikwenda kwenye dagaa. Mama alikuwa amekaanga ndoo nzima. Samaki wa kula nyumbani Uingereza wanaruhusu, ila nyama na maziwa kutoka kwetu hawaruhusu, kwa hiyo samli ya shangazi ilibaki Mwanza na dagaa wakafungwa mara tatu.

Jumatano, barabarani

Saa kumi na moja kamili alfajiri tulifunga mlango wa nyumba. Naandika saa hiyo kwa makusudi, kwa sababu safari huanza mlangoni. Tulipofika stendi ya Nyamhongolo basi lilikuwa limeshawasha injini.

Barabara ya Magu asubuhi ni nzuri kuliko maneno yangu. Ziwa linatokea kushoto, linajificha nyuma ya vilima vya mawe, linatokea tena. Lamadi tulinunua mahindi ya kuchoma kupitia dirishani. Bunda jua likawa kali. Daraja la Kirumi, pale Mto Mara unapoelekea ziwani, Mama alisimama kwenye siti kuangalia maji ya tope yaliyotoka Serengeti. Alikuwa na raha. Alizungumza na mama mmoja wa Tarime kama waliokua pamoja. Nilifikiri tumechagua vizuri.

Sirari tulishuka na mizigo. Sasa ofisi za Tanzania na za Kenya zimo ndani ya jengo moja: dirisha hili unagongewa muhuri wa kutoka, hatua chache mbele unagongewa wa kuingia. Haikuchukua muda, lakini Mama alisimama kwenye mstari, akavuka na begi, akapanda tena ngazi za basi ambazo ni ndefu. Kutoka hapo magoti yakaanza kusema.

Migori, Kisii, halafu ile nchi ya kupanda na kushuka kuelekea Narok. Baada ya saa kumi Mama aliacha kuzungumza. Kila basi liliposimama nilimshusha, tukazunguka mara mbili, utingo akituita: "Mathe, tunaenda!" Soksi hakuwa amevaa. Daktari alisema ndege, na sisi sote tulikuwa tumeshazisahau zile saa za basi. Tulipoingia Nairobi saa mbili usiku vifundo vya miguu yake vilikuwa vimejaa, ukibonyeza kidole alama inabaki.

Saa kumi na tano tangu tufunge mlango, na ndege tuliyoilipia zaidi ili tusitue njiani bado hatujaiona.

Alhamisi, Nairobi

Siku nzima ya kungoja. Hii haikuwa bahati mbaya, niliipanga hivyo. Basi na ndege ni tiketi mbili ambazo hazijuani. Gari likiharibika Narok, hakuna atakayeizuia ndege, wala hakuna atakayenipa nyingine. Kwa hiyo unajinunulia siku moja ya usalama kwa pesa ya gesti na chakula, na siku hiyo haionekani popote ukitafuta bei za tiketi.

Mama alilala, miguu juu ya mito miwili. Jioni uvimbe ulikuwa umeshuka. Nikamvalisha soksi mwenyewe, nimepiga magoti sakafuni. Ni kazi, soksi zile hazitaki haraka.

Usiku wa Alhamisi, hewani

Tuliondoka saa tano na dakika ishirini usiku. Kiti cha magurudumu nilikiomba tangu siku ya kukata tiketi, ni huduma ya bure, na kijana aliyekisukuma alimpitisha Mama kwenye foleni zote akimwita "cucu", yaani bibi kwa Kikikuyu.

Ndege ilikuwa Boeing 787, siti tatu, korido, tatu, korido, tatu. Niliomba siti mbili za kushoto, Mama kwenye korido, mimi katikati. Dirishani alikaa kijana mrefu aliyelala kabla hatujapaa.

Ilipoanza kukimbia Mama alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Tulipotulia juu hakuuachia.

Saa ya kwanza na ya pili zilikuwa za chakula. Trei inakufunga pale pale ulipo. Hata kama miguu inadai, huwezi kutoka mpaka mkokoteni urudi.

Saa ya tatu taa zilizimwa. Nikamwamsha atembee. Alikwenda hadi mwisho wa korido, akasimama pale karibu na choo akipandisha na kushusha visigino kama daktari alivyomwonyesha.

Hewa ya humo ndani nilikuwa nimeisoma. Ndege hazitunzi hewa ya usawa wa bahari. Ndani ya 787 hewa inakuwa nyepesi kama ya mahali penye urefu wa mita 1,800 hivi, na kwenye ndege nyingi nyingine inaweza kufika kama ya mita 2,400. Mwanza yenyewe iko juu ya mita 1,100, Nairobi iko huko huko kwenye 1,700 na zaidi. Kwa hiyo kifua cha Mama kilikuwa kimeshazoea, na ile siku ya kungoja Nairobi nadhani ilisaidia. Ukavu ndio uliomwonea: midomo, macho, koo. Nilimnywesha maji kidogo kidogo usiku kucha.

Saa ya sita ilikuwa mbaya. Alikataa kusimama. "Baba, mwili umechoka kukaa na umechoka kusimama." Nikakandakanda vigimbi vyake juu ya soksi. Mwanga wa ramani kwenye kioo mbele yetu ulionyesha jina la mji ambao sikuwahi kuusikia, na saa tatu zilizobaki. Hakuna pa kushuka. Hapo ndipo nilipoelewa upande wa pili wa neno "bila kutua". Faida zake ni za kweli: begi halihamishwi, hakuna lango la kukimbilia, hakuna kupotea. Lakini kwa mtu mwenye magoti mabaya ni saa tisa ambazo mwili haupati hata dakika kumi za kunyooka sawasawa.

Tulitua London saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi kwa saa za kwao, ambazo majira ya joto ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili. Magurudumu yalipogusa, Mama alifungua macho.

"Moja," alisema.

Ijumaa, London

Saa tatu asubuhi ya huko tulikuwa mlangoni kwa mdogo wangu. Nyumbani ilikuwa saa tano. Nikahesabu kwenye daftari: kutoka mlango hadi mlango, saa 54.

Mama hakuuliza kitanda kiko wapi. Alinawa mikono, akavua kitenge cha safari, akafunga kingine, akaketi, akanyoosha mikono apewe mjukuu.

Wiki tatu zilizofuata ni zao. Sitaziandika.

Jumapili, kuondoka

Saa nne asubuhi tulifunga mlango wa London. Mama alikuwa amevaa soksi mwenyewe tangu alfajiri, na safari hii kabla ya teksi.

Ndege ilitakiwa kuruka saa nane mchana. Saa nane kasoro wakatangaza hitilafu ya ufundi. Saa tisa wakatangaza tena. Tuliruka saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, tumechelewa saa tatu na dakika ishirini. Kule Ghuba nafasi ya kuunganisha ilikuwa ya saa mbili na dakika kumi tu. Sikuhitaji daftari. Mama aliniona uso. "Ile nyingine itatusubiri?" Nikamwambia haitasubiri.

Njiani saa saba. Alitembea mara tatu bila kuambiwa. Kwa saa ya sita, ile saa mbaya, tulikuwa tunajiandaa kushuka.

Kutua. Mkono wangu. "Moja."

Jumatatu, Ghuba

Ilikuwa usiku wa manane na uwanja unawaka kama mchana. Kwenye dawati la kuunganisha ndege kulikuwa na foleni ndefu, na kwa kuwa Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu walituvuta mbele. Dada wa dawati aliandika namba yetu ya bukingi, akaangalia, na ndani ya dakika kumi tulikuwa na siti za ndege ya usiku unaofuata kwenda Dar, karatasi ya hoteli, na karatasi za chakula. Mabegi, akasema, yatabaki na kupelekwa yenyewe. Hakuniuliza pesa. Tiketi ya London hadi Dar ilikuwa moja, kwa hiyo kuturudisha njiani ilikuwa kazi yao.

Nyuma yetu alikuwapo kijana wa Geita. Tulimsikia Kiswahili chake London kwenye foleni, tukasalimiana. Ametoka kwenye ndege ile ile iliyochelewa, ila yeye alikuwa anakwenda Entebbe, na kipande cha pili alikinunua kwenye shirika jingine kwa sababu kilikuwa nafuu. Lile la kwanza likamwambia: sisi tumekufikisha hapa, tumemaliza. La pili likamwambia: hukutokea langoni, tiketi imekwisha. Begi lake lilikuwa linazunguka upande wa nje wa uhamiaji, halikuwa limeandikiwa Entebbe. Alikaa sakafuni karibu na nguzo akipiga simu nyumbani waichangie tiketi mpya. Alikuwa ametua mara moja tu kama sisi, kwenye mji ule ule, saa ile ile.

Mama akafungua mkoba, akampa maandazi aliyokuwa amepika mdogo wangu, yote. "Kula kwanza, mwanangu."

Hotelini Mama alilala kwa muda wa saa tisa kwenye kitanda kipana. Aliamka akaoga, akasali, akanyoosha miguu mbele yangu niione. Vifundo vilikuwa vyembamba kama vya kijana. Mchana tulitembea kwenye korido ya hoteli iliyokuwa na kiyoyozi, huku na huku, na akanisimulia jinsi enzi zao meli ya Ukerewe ilivyokuwa ikitia nanga kila kijiji na watu wakishuka kununua ndizi, na safari haikumchosha mtu. Dawa za presha zilikuwamo mkobani, na kama zingekuwa kwenye begi kubwa, siku hiyo angeikosa dozi.

Nilitumia saa zilizobaki kusoma haki zetu. Ndege ikiondoka Uingereza, ya shirika lolote la nchi yoyote, sheria ya kwao inamfuata abiria hadi mwisho wa bukingi yake. Wakichelewa wanapaswa kukulisha, na ikibidi kukulaza. Ukifika mwisho wa safari umechelewa zaidi ya saa nne, na umbali unazidi kilomita 3,500, fidia ni pauni 520 kwa kila abiria, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wao, kama hali mbaya ya hewa. Hitilafu ya kawaida ya ufundi haiwaponyeshi. Kwa England muda wa kudai ni miaka sita. London hadi Dar ni zaidi ya kilomita 7,000, na sisi tungefika tumechelewa siku nzima. Nikahifadhi pasi za kuingilia ndegeni, nikapiga picha ubao uliokuwa na saa. Dai niliandika pale pale hotelini.

Ila bukingi ile ilikuwa inaishia Dar. Kipande cha Mwanza, kile nilichokinunua peke yake kwa kuokoa elfu themanini, kilikuwa cha Jumatatu saa tano asubuhi, na saa hiyo mimi nilikuwa kitandani Ghuba. Nikapiga simu. Tiketi ya bei ile haibadilishwi. Nikamfikiria kijana wa Geita pale kwenye nguzo. Tofauti yangu na yake ilikuwa kwamba mimi nilikatika karibu na nyumbani.

Jumanne, Dar

Tulitua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Mbili," alisema Mama, na mkono wake safari hii ulikuwa umelegea.

Mabegi yalikuja yote mawili. Nikanunua siti mpya za Mwanza kwa ndege ya saa nane mchana, na kwa bei niliyolipa ningeweza kununua kipande kile kwenye bukingi ya kijana wa Kenyatta na chenji ikabaki.

Uwanjani nikafungua daftari. Kwenda, ile safari isiyotua, saa 54 kutoka mlango hadi mlango. Kurudi, na kituo cha Ghuba, na ndege iliyoharibika, na usiku wa hoteli, tukifika nyumbani saa kumi na robo jioni itakuwa saa 52 na robo. Kama mambo yangekwenda sawa ingekuwa saa 25. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea kubadilisha saa za Ulaya. Sikukosea.

Kama ningekuwa naishi Nairobi ningepanda ile ya usiku bila kufikiri mara mbili, ningelala kwangu mpaka jioni, kesho yake nipo London. Lakini mimi naishi Kirumba. Kwetu kuna kuunganisha hata kabla safari kubwa haijaanza: kwa basi, kwa ndege ya Dar, kwa meli kwa wale wa visiwani. Swali letu ni wapi tutasimama, na nani atawajibika kwetu tukiwa tumesimama pale. Nimempigia kijana wa tiketi kumwambia hivyo. Amesema safari ijayo ataniandikia Mwanza hadi London kwenye karatasi moja, na nimemwambia asiniulize tena kuhusu elfu themanini.

Nikamsomea Mama hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi lile," alisema, "sipandi tena."

Jumanne jioni

Safari ya saa moja na nusu angani. Mama aliomba siti ya dirishani, mara ya kwanza tangu tuanze. Kwa muda mrefu kulikuwa na mawingu tu, kisha yakafunguka na ziwa likawa chini yetu, lote, rangi ya bati jipya, na mitumbwi kama mbegu za ufuta. Alinionyesha upande wa Ukerewe. Sikuwa na hakika kama ndio, lakini alikuwa anaonyesha kwa mkono mzima.

Ndege ikainama. Maji yakasogea, yakasogea zaidi, karibu kiasi cha kuona mawimbi yakivunjika kwenye mawe. Hapa ndipo nilipokuwa nikipaogopa kwa niaba yake tangu ile Jumatatu: maji ya ziwa hili hili, chombo kinashuka, kimekaribia kufika. Alinishika. Macho hakufumba. Aliangalia maji mpaka yakaisha na nyasi zikaanza.

Magurudumu yakagusa.

"Tatu," alisema Mama, akaniachia mkono, akainama kutafuta viatu vyake.